Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Pedali ya Mwangwi

Mpendwa Mama mkwe,

Nakusalimia bila kukupa mkono, kama kawaida yetu. Nimekaa sebuleni hapa Matisi, Kitale, mlango wa jikoni umefungwa, na ingawa umeshatutoka, nimejikuta nikichungulia dirishani kwanza kabla ya kuanza kuandika, nisije nikakukaribia kupita kiasi. Mazoea yana taabu. Miaka yote niliyokuwa mkwe wako hatukuwahi kukaa chumba kimoja, na leo eti nataka kukuandikia kurasa nzima. Naliaka mwanao akiniona atacheka mpaka ashike mbavu.

Nina habari ya kukupa, na ni habari njema. Nimenunua pedali. Si ya baiskeli, Mama. Hii ni ya gitaa: kisanduku cha chuma kinachotoshea kiganjani, unakiweka sakafuni, unakikanyaga, na gitaa linapata mwangwi, kana kwamba unapiga ndani ya nyumba kubwa kuliko hii yetu. Vijana wa mjini wanaiita riverbu. Nilihangaika sana kuichagua, na aliyenihangaisha ni wewe.

Ngoja nianze mbali, maana naipenda hadithi hii na wewe uliisikia upande mmoja tu.

Unakumbuka siku ya mvua? Naliaka na mimi tulikuwa bado wachanga katika ndoa. Nilikuwa nimetoka kupiga gitaa kwenye harusi ya kanisa kule Chwele, nikapitia kwako Sirisia kuamkua. Nikaketi nyumba kubwa peke yangu kama mgonjwa wa kutengwa, na wewe ukawa jikoni kwako ng'ambo ya ua. Nyinyi wakubwa mlitufundisha hivyo: mkwe hashikani mkono na mama wa mke wake, hali naye meza moja, haingii jikoni kwake, wala halali kwake. Salamu zilikuja na kurudi kwa miguu ya Naliaka. Kuku alikuja kwa miguu ya Naliaka. Hata pole ya safari ililetwa naye, ikiwa bado na harufu ya moshi wa kuni.

Halafu mvua ikashuka. Barabara ikateleza, hakuna pikipiki iliyokubali kupanda, na mimi pale silali wala siondoki. Naliaka akaniambia, "Si upige gitaa tu, bana, badala ya kuangalia ukuta." Nikaunganisha spika yangu ndogo kwenye stima. Kwenye harusi nilikuwa nimepiga sauti safi, ile inayowafaa wachungaji. Nilichosahau ni kwamba nyaya zilikuwa bado zinapitia kale kapedali kangine, ka distoshen, kanakokwaruza sauti mpaka gitaa linanguruma. Hiyo ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoificha kanisani. Nilipokuwa navuta kiti, mguu ukagusa. Nikapiga nyuzi zote kwa mpigo mmoja.

Mama, kuku walitoka chini ya kochi ambako sikujua walikuwako. Mbwa wa jirani alibweka kama ameona chui. Halafu kimya, mvua tu juu ya mabati. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kupanga maneno ya kuwaambia wazee wangu: kwamba nimerudishiwa mahari yangu kwa sababu ya waya.

Nikamwona Naliaka anavuka ua mbio, amejifunika sinia kichwani. Akasimama mlangoni akihema.

"Mama anasema urudie."

"Nirudie nini?"

"Hiyo hiyo. Ati hiyo kerere ni kama posho mill ikisaga mahindi, rakini huko ndani kuna mtu anaimba."

Alikuiga vizuri, hata vile unavyoinua kidevu, au nadhani unavyokiinua, maana sikuwahi kukuangalia vya kutosha nikajua. Nikarudia. Nilipiga mpaka mvua ikaisha, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mtu mzima, mama wa watu, alisikia ndani ya ile kelele kitu nilichokuwa nasikia mimi. Wenzangu kanisani waliniambia nipunguze. Mwenye nyumba wangu wa kwanza aliniambia nihame. Wewe uliagiza niendelee. Niliondoka pale nikitembea kwenye matope kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Tangu siku ile kila nikija swali lilikuwa moja. "Mama anauliza kama mkwe amekuja na ile kitu." Nami nilikuja nayo, hata nilipokuwa na begi la mbegu begani, maana ujuavyo kazi yangu ni kuuza mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale na hapo kwenu nilipitia kikazi. Nikaanza kugundua kwamba husikilizi tu, unafundisha. Naliaka alikuwa akija mlangoni na kusema, "Mama anasema leo uko karibu sana." Nikisogea, anarudi: "Rudi nyuma kidogo." Nikigeuza spika iangalie ukuta wa nyuma, kimya. Kimya chako kilikuwa sifa. Tukapata mahali petu: spika imeangalia kona, dirisha nusu wazi, mimi karibu na mlango wa chumba cha ndani. Sauti ikazunguka zile kuta tupu, ikapanda kwenye mabati, ikatoka, ikavuka ua polepole, ikakukuta umeketi kwenye kigoda chako unachambua mboga za mrenda.

Mimi sikuwahi kuisikia ikifika. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza baadaye.

Na ile siku ya sokoni? Siwezi kuipita. Sirisia, siku ya soko, mimi nakunja kona, wewe unakunja kona, tukakaribia kugongana vifua. Sijui wewe ulifanya nini kwa sababu mimi niliingia duka la kwanza lililokuwa wazi, la vifaa vya ujenzi, nikaulizwa nataka nini, nikasema kufuli. Nikanunua kufuli ambalo sikuwa na mlango wa kulifunga. Jioni Naliaka alinieleza kwamba wewe ulijitosa kwenye rundo la mitumba ukatoka na koti la mvulana. Ukaniletea salamu: "Mwambie mkwe koti limemtosha mjukuu wa jirani. Na kufuli je?" Tulicheka siku moja, kwenye nyumba mbili tofauti, kicheko kimoja.

Kufuli lilipata kazi mwishowe, nayo si kazi niliyoipenda. Ulipotutoka, siku ya mazishi nilikaa na wakwe wengine, mbali na jeneza, vile inavyotakiwa. Shemeji aliniuliza kama ningepiga chochote. Nilikataa. Ningepigia wapi? Jikoni kwako kulikuwa kumejaa wanawake wa kupika, na kwenye kigoda chako alikuwa ameketi mtu mwingine anakata vitunguu. Tuliporudi Kitale nililiweka gitaa kwenye sanduku lake. Naliaka alilitazama, akasema taratibu, "Liache kwanza." Nikachukua lile kufuli, nikafunga, nikampa ufunguo. Akauweka ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Mahindi yakavunwa, yakakauka, yakauzwa. Watu wakaanza kuja dukani kuulizia mbegu za msimu mpya. Gitaa likabaki limefungwa, na mimi nikamwona mke wangu akipika bila kuimba. Naliaka asiyeimba jikoni, Mama, ni nyumba nyingine kabisa. Nilimkosa akiwa hapo hapo. Niliogopa, nakuambia wazi, kwamba ulipoondoka uliondoka na nusu yake, na mimi sikuwa na njia ya kukutumia ujumbe uirudishe, kwa kuwa mjumbe wetu alikuwa ni yeye.

Halafu Jumamosi moja mchana akaniwekea ufunguo juu ya meza, una unga wa majani ya chai.

"Fungua," akasema. "Lakini nataka isikike vile Mama alikuwa anasikia. Si vile wewe unasikia."

"Alikuwa anasikia aje?"

"Utajua."

Ningejulia wapi? Nilifungua, nikapiga, na sauti ikafa mbele ya pua yangu. Nyumba yetu hii unaijua kwa kusimuliwa: silingbodi juu, zulia chini, makochi yamejaa kila mahali na kila kochi lina kitambaa, kila kitambaa amekifuma mwanao. Sauti ikitoka inamezwa na vitambaa. Gitaa la kunguruma bila mwangwi, Mama, ni kama mtu anayekufokea akiwa amekushika shati. Na siwezi kuongeza sauti, kwa sababu ukuta wetu ni ukuta wa jirani na jirani ana mtoto mchanga. Basi nikaelewa: nyumba kubwa sina, ua sina, mabati nimeyafunika. Itabidi niununue umbali dukani.

Nikaenda Bungoma, kwa sababu kuna duka huko sokoni wanakubali ujaribu kabla ya kununua. Aliyekuwa kaunta ni dada mmoja mchangamfu, kucha ndefu, anapiga gitaa vizuri kuliko mimi.

"Niaje, buda. Unatafuta gani?"

Nikamwambia natafuta pedali itakayofanya gitaa lisikike kama linapigiwa Sirisia na linasikilizwa jikoni. Aliniangalia kidogo. "Sawa," akasema, "hebu tuanze na hii."

Aliniwekea ya kwanza, ile ya ukumbi mkubwa, wanayoiita hall. Nikapiga noti moja na noti ile ikaenda, ikaenda, ikawa kama bado inatembea nilipomaliza kupangusa macho. Nilikaribia kulia kwa sauti palepale juu ya sakafu ya simenti. Dada akaniambia kuna ndogo zaidi, kuna ya springi, kuna ya bamba la chuma, nisikimbilie. Mimi nani wa kusikiliza? Nilisema funga hii hii. Nilirudi Kitale nimeipakata kama yai.

Nyumbani nikaiunganisha, nikakanyaga distoshen, nikapiga. Uji, Mama. Uji wa mtama uliomwagika. Noti ya kwanza haijaondoka, ya pili imeingia, ya tatu inauliza ni zamu ya nani. Naliaka alisimama mlangoni amekunja mikono. Nilipokanyaga tena akasema, "Hiyo si Mama. Hiyo ni kanisa, na imejaa maji."

Nilichokuwa nimefanya nilikigundua kesho yake baada ya ibada, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia na suruali ya Jumapili. Nilikuwa nimetanguliza mwangwi, halafu ndipo waya ukaingia kwenye distoshen. Yaani naipa sauti mwangwi, kisha naukwaruza huo mwangwi wenyewe pamoja na kila kitu. Ni kupiga nguo pasi kabla ya kufua. Nikageuza: gitaa kwanza liingie kwenye kukwaruza, halafu sauti ikishanguruma ndipo iingie kwenye mwangwi, na spika yenyewe niiache safi, isiongeze lake. Mara uji ukawa chakula cha kutafunika. Nilipiga kelele ya furaha mpaka mtoto wa jirani akaamka.

Lakini bado haikuwa yenyewe. Nilipunguza urefu wa mwangwi, nikapunguza kiasi, nikapunguza mngurumo wa chini. Muuza dawa za mifugo anajua kipimo: ikizidi, ng'ombe ndiye anayelipa. Nilizungusha vile vidude mpaka nikavijua kwa majina, na kila mara Naliaka alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alikuwa tu anatikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa picha za watu asiowajua. Ile hofu yangu ikarudi. Nikajiambia, Wafula, huenda kitu anachokitafuta hakiuzwi.

Nikairudisha pedali Bungoma. Dada wa duka hakunicheka sana.

"Si nilikuambia, buda. Hall ukiipea distoshen nyumbani inakulemea. Jaribu hii ya plate." Hiyo plate ndiyo ile ya bamba la chuma, kisanduku kidogo chenye vidude vichache. Akaniwekea. Nikashika gitaa, nikasimama pale nilipozoea kusimama, hatua moja kutoka kwenye spika, nikainua mkono nipige.

Na hapo, Mama, nikashusha mkono. Nilijiona. Nimekuwa mkwe mwema kiasi kwamba maisha yangu yote nimekaa upande mmoja wa ukuta. Ninachagua sauti ya jikoni nikiwa nimesimama sebuleni! Hata dukani, ambako hakuna mama mkwe wa kumkimbia, nimejiketisha mahali pa mkwe.

Nikampa yule dada gitaa. "Piga wewe. Mimi natoka nje."

"Ati nje?"

"Nje kabisa."

Nikavuka barabara mpaka kwenye kivuli cha watu wa bodaboda, nikageuka, nikasikiliza. Akapiga mlio mzito wa distoshen, na ukanijia ukiwa umepitia dukani, mlangoni, barabarani. Mwendesha boda aliyekuwa kando yangu akasema, "Nani anakata mabati hapo ndani?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akanitazama nilivyosimama mikono mitupu, akasogeza pikipiki yake kidogo.

Nilimpungia dada mkono: ongeza, punguza, zungusha kile kidogo. Kile kidogo kina kazi moja nzuri. Kinauchelewesha mwangwi, ili gitaa lisikike kwanza, halafu ndipo nyumba iitikie. Alipokizungusha, nilisikia mngurumo, kisha nafasi nyembamba, kisha ukuta ukijibu. Pale barabarani, katikati ya kelele za soko, nikajikuta niko kwenye kigoda chako. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa! Sikuwa karibu mno, sikuwa nimepotea mbali. Nilikuwa mtu aliye nyumba ya pili, mwenye adabu zake, anayesema jambo zito.

Nilifurahi na nikasikia uchungu vyote kwa pamoja. Miaka yote ile ulikuwa na kiti kizuri kuliko changu.

Jana ndiyo nimeijaribu nyumbani. Sikumwambia Naliaka lolote. Nilipanga nyaya, nikapunguza sauti kwa ajili ya mtoto wa jirani, nikageuza spika iangalie kona. Kisha nikamwomba aende jikoni afunge mlango. Aliniangalia, akaelewa, akaenda. Nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Ni kigoda chako, Mama. Alikuja nacho kutoka Sirisia baada ya mazishi, na tangu siku hiyo kilikuwa kimewekewa ndoo juu. Nikasikia ndoo inashushwa.

Nikapiga ile ya siku ya mvua, nyuzi zote kwa mpigo mmoja, kisha ule wimbo mdogo unaofuata. Nilipofika mwisho nikanyamaza. Kimya. Sikujua kama ni kile kimya cha sifa au ni kingine.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nikasikia miguu yake inakuja, ile miguu ya kuvuka ua, ingawa hapa hakuna ua, kuna zulia tu. Akasimama mlangoni. Macho yalikuwa yamelowa na kidevu kimeinuka.

"Mama anasema rudi nyuma kidogo."

Ningeweza kuinama nikakizungusha kile kidude. Ndiyo kazi yake, ndiyo maana nilikinunua. Sikukigusa. Nilirudi nyuma mwenyewe, nikiwa na gitaa shingoni, mpaka mgongo ukagusa pazia la chumba cha ndani. Naliaka akatikisa kichwa, safari hii kwa kukubali, akarudi jikoni, akafunga mlango. Nikapiga tena tangu mwanzo. Katikati ya wimbo, kwenye ile nafasi ndogo kabla nyumba haijaitikia, nikasikia mtu anaimba upande wa pili wa ukuta.

Basi hiyo ndiyo habari, Mama. Leo Jumapili anaimba tangu asubuhi, na chakula kimeungua kidogo, na hakuna aliyelalamika. Sasa hivi ameniita niende nikale. Lala salama huko uliko, na ukiona niko karibu mno, unajua wa kumtuma.

Ni mimi mkwe wako, nikiwa bado upande wangu wa ukuta,

Wafula, wa Naliaka